Bunduki ya Felisiani Haina Urembo

Ulikuwepo. Usianze kutafuta mahali pa kuweka macho. Jumapili ile asubuhi, Felisiani alipotolewa nyumbani kwake kijijini Daa na pingu mikononi, miguu mitupu, mkewe Angela akikimbia nyuma ameshika viatu, wewe ulikuwa kwenye benchi la duka unakunywa chai. Ukainamia kikombe kana kwamba majani ya chai yana habari mpya. Ndivyo ulivyoinama pia Sairowua wa Soitsambu alipopelekwa mahabusu kwa wizi wa dume la ng'ombe. Dume lilirudi zizini lenyewe mwaka wa pili, limenenepa. Sairowua alirudi mwaka wa nne, amekonda. Umesahau, siyo? Wapo ambao hawajasahau.

Stafu Sajenti Marsela Amnaay hakuwa amesahau. Alhamisi saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mashamba ya Karatu, aliegesha pikipiki ya kituo mbele ya karakana ya Mzee Vedasto. Akafungua kamba, akashusha kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. Begani alikuwa na mkoba wenye ripoti ya daktari, fomu za makabidhiano, na bahasha moja iliyofungwa kwa lakiri.

"Saita, mzee."

"Saita, binti yangu. Umeniletea mtoto mchanga?"

"Nimekuletea bunduki ya Felisiani. Saini hapa kwanza, kabla hujaigusa."

Mzee alisaini polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Mikono yake ilikuwa mieusi kwa mafuta hadi kwenye viwiko. Miaka thelathini mikono hiyo ilihudumia bunduki za makampuni ya uwindaji yaliyokuja na kuondoka. Kwenye makaratasi yao aliandikwa msaidizi wa jikoni, mshahara wa kumenya viazi, huku mgeni aliyeandikwa fundi akimwita kila springi ilipomshinda. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua, akafunga, akakosea, akafungua tena. Leo hata kwa sauti ya kitasa tu anakwambia bunduki imekaa wapi mwaka mzima.

Marsela alimweleza kesi yote papo hapo, wamesimama. Jumamosi alfajiri Lekoko, askari wa wanyamapori wa kijiji, alipigwa risasi moja ukingoni mwa msitu, akafa. Karibu na mkono wake wa kushoto lilikutwa ganda jekundu la shotgani. Raphaeli, yule mwenye lori la mbao, alikwenda kituoni mwenyewe kueleza kwamba Felisiani na Lekoko waligombana kwa ajili ya ndege, kanga wa porini, wiki moja kabla. Kwa Felisiani likakutwa boksi la risasi nyekundu za aina ileile. Na Daa nzima, mwenye shotgani inayojipakia yenyewe ni yeye peke yake.

"Mkuu wangu anauliza swali moja," alisema Marsela. "Mkulima wa maharage anataka semi otomatiki ya nini? Anasema mtu hanunui mashine ya namna hiyo kama hana adui. Kesho saa nne karandinga linaondoka. Likishampeleka mahakamani kwa mauaji, mzee, unajua hakuna dhamana."

"Najua. Sairowua alikuwa shemeji yangu."

Alitandaza gunia juu ya meza, akailaza bunduki. Ilikuwa mbaya kwa sura, tena mbaya kweli. Rangi ya mtutu ilikuwa imechubuka kama sufuria ya msibani. Kitako kilipasuka zamani, kikaunganishwa kwa gundi na waya wa spoki ya baiskeli, ukazungushwa kwa ufundi mpaka ukafanana na ushanga.

Vedasto aliitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi wake aliyefaulu.

"Hii tuliichagua pamoja. Miezi mitano."

"Miezi mitano ya kuchagua hiki?"

"Cheka tu. Njoo nikufundishe kama nilivyomfundisha yeye, halafu kamwambie mkuu wako mkulima anataka semi otomatiki ya nini. Funga macho."

"Mzee, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Funga macho."

Mzee aliikagua kwanza, akahakikisha haina kitu tumboni, ndipo akampa. Marsela akafumba macho. "Iweke begani upesi, kama kanga wameruka. Haya, fumbua." Alipofumbua, jicho lake lilikuwa linatazama moja kwa moja juu ya mtutu, hadi kwenye shanga ndogo ya shabaha kule mbele.

"Bahati yako, umbo lako na la Felisiani yanakaribiana. Bunduki isiyokuenea hata ukipewa bure ni hasara. Wauzaji walimletea moja mpya, imechongwa ndege pembeni, inang'aa. Kila akifumbua macho anatazama kitasa. Nikamwambia, Felisi, ndege waliochongwa hawaliwi. Rudisha."

"Angenunua ya pampu. Si ni rahisi zaidi?"

"Angalia bega lake la kushoto siku ukimtoa lokapu. Alianguka kutoka kwenye lori la vitunguu, mfupa ukaunga vibaya. Mkono ule hausukumi pampu mara tatu mfululizo. Na ya mtutu mmoja ingempa risasi moja. Nguruwe pori wanaingia kwenye mahindi kumi na wawili, wewe una risasi moja na mkono mmoja na nusu. Utafanyaje, utawahubiria?"

Marsela alicheka bila kupenda. Akaandika kwenye daftari lake: *bega la kushoto, pampu haiwezi.*

"Sasa hizi zinazojipakia zenyewe ziko za namna mbili," aliendelea mzee, akifungua mbao ya mbele kwa kidole gumba. "Moja inasukumwa na teke la risasi yenyewe. Safi, haina mambo mengi, lakini inapiga bega kama punda, na ukiipa risasi dhaifu za bei ndogo inagoma, inakwama nusu njia. Nyingine inakunywa moshi wa baruti kupitia tundu hili hapa, unaona? Moshi ndio unaosukuma. Teke linakuwa laini. Ila inachafuka, lazima uioshe kila ukirudi porini. Mvivu asiinunue. Felisiani si mvivu."

"Kwa hiyo akachukua ya moshi."

"Hakuchukua. Alikwenda dukani akanunua risasi za bei ya chini kabisa, zile atakazoweza kununua maisha yake yote, akaja nazo. Akasema, mzee, nisijaribu kwa chakula cha sikukuu halafu nikailisha ugali. Ile niliyokuwa nimempendekezea mimi, mimi fundi, ilikwama mara nne. Hii mbovu ilikula zote ishirini na tano, ikaomba maji." Alipapasa ndani ya mtutu kwa kitambaa, akamwonyesha kitambaa cheupe. "Ndani umepakwa kromu. Kwa ukungu wetu huu, mtutu mtupu unaota kutu ndani ya msimu mmoja. Na pete hii ya mpira, ndogo kama ya bomba la maji, ikikatika umebaki na fimbo. Kabla hajalipa aliuliza pete zinapatikana wapi. Hakuna mwindaji tajiri aliyewahi kuniuliza hilo! Wao wanauliza rangi."

Akairudisha mbao ya mbele mahali pake. "Mtu anayechagua hivi, binti yangu, anachagua chakula cha watoto wake. Anayetaka kuua mtu hahangaiki na pete ya mpira."

Ilikuwa hoja nzuri, lakini si ushahidi. Marsela alijua mkuu wake angeicheka. Akatoa ripoti ya daktari.

"Marisau tisa makubwa. Yametawanyika kifuani na tumboni, upana wa sinia ya pilau. Mkuu anasema Felisiani alimsogelea, hatua nne au tano, akapiga, ganda likaangukia pale mkononi. Inawezekana?"

Vedasto alichukua karatasi tatu za mabati chakavu, akaenda nazo nyuma ya karakana, kwenye shimo la zamani la kuchimbia udongo wa matofali, ambako kibali chake kilimruhusu kujaribia bunduki. Marsela alitoa risasi tatu kutoka kwenye boksi la kielelezo, akaandika namba zake, akasaini.

Hatua tano. Mlio ukapiga kingo za shimo, kunguru wakaruka. Tundu kwenye bati lilikuwa moja, lingeingia ngumi. Hatua kumi na mbili: marisau yalitawanyika upana wa sahani. Hatua ishirini na tano: sinia.

Marsela alipima kwa futi kamba mara mbili. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Jumamosi. Aligeuka, akatazama maganda yameangukia wapi. Yote matatu yalikuwa upande wa kulia wa Vedasto, hatua tatu kutoka kwenye mguu wake, yamelala karibukaribu kama mayai ya kanga.

"Linaangukia kwa mpigaji," alisema polepole.

"Sasa ulitaka lifuate risasi?"

"Lekoko alipigwa kutoka hatua ishirini na tano. Ganda lilikuwa mkononi kwake. Kwa aliyepigwa." Aliokota moja, akaligeuza. "Ganda hilo halikutoka kwenye mlio uliomuua."

"Nionyeshe."

Marsela alivunja mbele yake lakiri ya bahasha yenye ganda la kielelezo, wakaandika muda, wakasaini wote wawili. Vedasto aliingia ndani akatoka na kamba ndefu ya mkonge. Ilikuwa imetungwa maganda kama samaki waliokaushwa, kila moja na kipande cha boksi kilichoandikwa jina. Kila bunduki aliyowahi kuitengeneza ilimwachia ganda moja. "Pini ya kila bunduki, ile inayogonga risasi kitakoni, ina meno yake," alisema. Akalivuta la Felisiani, akaliweka kando ya kielelezo, akavaa miwani iliyofungwa uzi.

Aliyageuza maganda yote mawili mara tatu.

"Mzee?"

"Pini ni hiyohiyo." Alivua miwani. "Angalia alama hii, kama mwezi mwandamo. Ganda hili limepigwa na bunduki ya Felisiani."

Marsela alikaa juu ya tairi. Akaona kesho yake yote: karandinga, Angela na viatu mkononi, mkuu wake akisema nilikwambia. Alikuwa amemletea mwenye mashtaka ushahidi wa bure.

Vedasto, kwa mazoea ya fundi, alisogeza ganda puani ili ajue limepigwa lini. Baruti ya juzi ina harufu yake na ya mwaka jana ina harufu yake. Alivuta pumzi.

Akapiga chafya. Akapiga ya pili, miwani ikaanguka. Ya tatu ikamtoa machozi.

"Ee!" alisema, akifuta pua kwa kiwiko. "Baruti haijawahi kunipigisha chafya tangu nizaliwe."

Marsela alisimama. Alilichukua ganda kwa kibanio, akaligonga taratibu juu ya karatasi nyeupe. Likadondoka vumbi la kahawia, laini, lenye chembe nyeupe.

"Ugoro," alisema Vedasto. "Na magadi. Mimi navuta tangu ujana, siwezi kukosea. Na tazama huku mdomoni."

Karibu na mdomo wa ganda kulikuwa na matundu mawili madogo, yametazamana, safi kama yaliyotobolewa kwa sindano ya kushonea ngozi. Kwenye ripoti ya kituo yaliandikwa "michubuko". Hakuna aliyeyachungulia.

"Felisiani hatupi maganda," alisema mzee. Sasa alikuwa anaongea haraka. "Anawapa wachungaji. Wamasai wanayatengenezea olkidong', kile kikopo cha ugoro cha kuning'iniza shingoni. Daa nzima inajua. Binti yangu, hili halikuwa ganda la muuaji. Hili lilikuwa kopo la ugoro la marehemu!"

Marsela aliandika kila neno, akamsomea, mzee akasaini. Ndipo akauliza swali lililobaki.

"Aliyepiga kutoka hatua ishirini na tano. Jumamosi nilipekua majani kwa mikono hatua thelathini kila upande, sikuona ganda lingine. Bunduki gani haitemi?"

"Ya mitutu miwili. Inabaki nalo tumboni mpaka ulitoe kwa vidole. Huku ziko mbili tu. Moja ni yangu, ile ukutani. Chungulia, buibui amejenga humo na ana wajukuu." Akakunja gunia lake taratibu. "Nyingine ni ya Raphaeli wa mbao."

Boma la Lekoko lilikuwa mteremkoni, juu ya barabara ya Ngorongoro, mahali ambapo magari ya watalii hupunguza mwendo kupiga picha za watoto wa watu. Nasieku, mjane, alikuwa amenyoa kichwa na kuvua shanga zote. Alimtazama afisa bila kusimama.

"Takwenya," Marsela alisalimia.

"Iko. Umekuja kuniambia muuaji ameshanyongwa?"

"Nimekuja kukuomba kitu, mama. Vitu alivyokuwa navyo marehemu, ulivyopewa hospitali. Naomba kuviona."

Nasieku aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Alitoa mkanda, sime, shuka iliyokatwa na madaktari. Chini kabisa kulikuwa na uzi wa shanga nyeupe na bluu, mwishoni umeshika kifuniko kidogo cha ngozi. Uzi ulikuwa umekatika.

"Hiki kifuniko ni cha nini?"

"Cha kopo lake la ugoro. Nilikishona mimi. Kopo lenyewe sikulipata, nikasema limepotelea porini."

Marsela aliweka ganda jekundu juu ya karatasi, karibu na goti la mwanamke yule. Hakusema neno. Alijua akisema tu, wakili yeyote atadai alimwekea maneno mdomoni.

Nasieku alilitazama. Akachukua kifuniko, akakiingiza kwenye mdomo wa ganda. Kiliingia kwa mlio mdogo, kama mtoto anayefyonza. Matundu mawili yakakaa sawasawa na tundu za uzi.

Akakichomoa, akakirudisha tena.

"Alilipata wapi kopo hili?" aliuliza Marsela.

"Kwa yule. Kwa Felisiani." Alilipapasa ganda kwa kidole. "Walikuwa wanataniana. Mume wangu alimwambia, nyinyi mnakula ndege kama mbweha, kazi yenu ni kutupa sisi makopo. Ugomvi wa kanga... ndio huo ugomvi? Walikuwa wanacheka!" Alijifunika uso kwa shuka iliyokatwa. "Siku nne nimelala na jina la mtu huyo kooni kama mwiba. Nimemlaani, mama. Nimewalaani na watoto wake."

"Lekoko aliwahi kugombana na mtu kwa kweli? Bila kucheka?"

"Alisimamisha lori la magogo. Mara mbili. Mara ya pili mwenye lori alimwambia, hakuna ya tatu."

"Mwenye lori nani?"

Nasieku alishusha shuka. "Afande, swali hilo kawaulize wa Daa. Lori linapita mbele ya benchi lao."

Mkuu wa Marsela alisikiliza yote akizungusha kalamu. Hakuwa mjinga, na hapo ndipo palipouma zaidi.

"Kazi nzuri," alisema mwishowe. "Nasema kweli, nzuri. Lakini unanipa nini? Fundi ambaye shemeji yake alifungwa na sisi. Na mjane anayelia, na mjane atasema lolote. Mwenye mashtaka atawatafuna wote wawili kabla ya chai. Niletee mtu mmoja wa Daa asiye ndugu wa yeyote, aliyemwona Lekoko kwa macho yake akivuta ugoro kwenye ganda jekundu. Na aliyeona lori. Mmoja tu, nitalizuia jalada."

"Nikimpata leo jioni?"

"Hata kesho. Kabla ya saa nne."

Alikwenda Daa. Alikaa kwenye benchi la duka, akaagiza chai, akauliza kwa adabu, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Wanaume saba. Mmoja alikumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa. Mmoja aliuliza kama mvua itawahi mwaka huu. Mwenye duka alifuta meza iliyokuwa safi. Na kwenye msumari nyuma ya kichwa chake, umefungwa kwa utepe, ulining'inia msumeno mpya wa kupasulia mbao, zawadi ya mtu mwenye lori.

Basi sasa ni Ijumaa, saa mbili na dakika ishirini. Nasieku ametoka bomani kwake alfajiri kwa miguu, kichwa kimenyolewa, kifuniko cha ngozi mkononi, na amekaa kwenye ngazi ya kituo karibu na mke wa mtu aliyemlaani siku nne. Angela amempa nusu ya mkate wake. Mzee Vedasto yuko pale na kamba yake ya maganda, amevaa koti la harusi ya mwanawe. Ndani, Felisiani anauliza kama bunduki yake imeoshwa baada ya kupigwa, maana ile ya moshi hailali chafu. Na Marsela amesimama mlangoni, anatazama barabara ya Daa.

Wewe ulimwona Lekoko akigonga kopo lile jekundu ukuchani kwake, hapohapo dukani, kila Jumatano. Alikukaribisha ugoro, ukapiga chafya, mkacheka wote. Ulilihesabu lori kila lilipopita, na ulimsikia mwenye lori akisema hakuna ya tatu. Hakuna haja ya kuwa shujaa. Inatakiwa sahihi moja, na hata kidole gumba kinatosha.

Weka kikombe chini. Pikipiki ziko hapo nje, dakika arobaini zinakutosha. Ondoka kwenye benchi. Sasa.